Namba Isiyofika

Katuba, Lubumbashi, tarehe 23 Machi 2025

Ndugu yangu Hénoc, mtoto wa tumbo moja na mimi,

Nakusalimu asubuhi hii nikiwa nimekaa kwenye mashini yangu ya kushona, mguu mmoja juu ya pedali, karatasi juu ya kikwembe cha mteja. Sisi wazima. Mama mzima, anakula bukari kidogo, mboga ya sombe anaisukuma pembeni ya sahani kama mtoto. Malata ya paa la jikoni yanavuja palepale yalipokuwa yakivuja. Jirani yetu Lydie amezaa mapacha, wasichana wote wawili, na mume wake siku hizi anatembea kwenye avenyu kama waziri. Habari ndiyo hiyo.

Simu yako nimeacha kuipiga. Kila siku ananijibu yule mama wa kwenye mtandao, kwa Kifaransa, na mimi sina la kumwambia. Ndiyo maana barua hii nimempa Mama Mapalo, yule anayechukua bitoyo huko kwenu Pweto na kuja kuviuza sokoni huku. Karatasi ikinuka samaki wa chumvi, usinilaumu.

Sasa neno lenyewe. Tangu tumzike Baba mwezi wa kwanza, Mama amevaa nyeusi. Baba zetu wadogo wamekaa, wakakata kwamba kilio kitolewe mwezi wa nane. Kwetu unajua mambo yanavyokwenda: kitambala cheusi cha mjane kinavuliwa kichwani na mtoto wake mwanamume wa kwanza, kwa mkono wake, mbele ya watu. Mwanamume ni wewe peke yako. Mimi ndiye mkubwa, lakini kwa jambo hili mkono wangu hauhesabiwi. Usipofika, Mama atazeekea katika nyeusi. Kwa nini hukuja kuzika, sikuulizi. Nakuuliza tu utafika lini.

Kuna jingine. Ndani ya sanduku la vyombo ambalo Baba alitoka nalo kwenye atelye, ile karakana ya reli, chini ya randa na patasi, nimekuta kaye kumi na moja, madaftari ya shule, zimejaa namba. Namba juu ya namba, mstari katikati, kurasa kwa kurasa. Mama anasema ni namba yake, alikuwa akiitafuta. Nikamuuliza namba gani hiyo inayotafutwa maisha mazima, akaniambia nikuulize wewe. Nakutumia kaye ya mwisho. Unieleze polepole, unajua mimi shule niliiacha mapema nikaenda kushona.

Ni mimi Germaine, ambaye bado ni mkubwa wako.


Pweto, tarehe 27 Aprili 2025

Yaya Germaine, dada yangu mkubwa,

Barua imefika, imenuka kweli, na nimeifurahia hivyohivyo. Huku mvua zinaisha. Asubuhi ukungu unatoka ziwani unaingia darasani kwa madirisha yasiyo na vioo, na wanafunzi wa nyuma nawasikia bila kuwaona. Siku nyingine najisahau nikiwa na chaki mkononi. Watoto wananingoja, na ukungu unapita kati yetu taratibu kama mtu anayetafuta kiti. Afya ni nzuri. Kuku wangu wawili wamekuwa saba. Wape hongera kina Lydie.

Mwezi wa kwanza gari halikupatikana. Mvua ilikuwa imekata barabara.

Namba ya Baba ni hii. Kule atelye walitengeneza milango ya mabehewa, na kila fremu ya mraba ilihitaji ubao wa kukatiza kutoka kona hii mpaka kona ile. Mafundi wote walikuwa na kanuni moja: upande ukiwa tano, ubao wa kukatiza ni saba na ukucha. Baba aliuchukia ule ukucha. Alitaka namba kamili, ya kuandika na kumpa mtu.

Sasa fikiri mraba wa meta moja kila upande. Ubao wa kukatiza ni ile namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inatoa mbili. Itafute. Moja mara moja ni moja: ndogo. Mbili mara mbili ni nne: kubwa. Basi namba iko katikati yao. Jaribu moja na nusu, unapata mbili na robo, bado kubwa. Jaribu 1,4, unapata 1,96, ndogo. Umeona? Tayari tumeifungia kati ya 1,4 na 1,5. Halafu 1,41 ni ndogo na 1,42 ni kubwa. Halafu 1,414 ni ndogo na 1,415 ni kubwa. Unasogeza ukuta wa huku, unasogeza ukuta wa kule, chumba kinakuwa chembamba, na namba imelala humo ndani. Hujaigusa, lakini unajua iko. Yaya, hakuna kitu ninachokipenda kama saa ile. Naweza kukaa pwani ya ziwa siku nzima ya Jumapili nikisogeza kuta, mpaka jua linanishtua.

Kuhusu kuja, nitafika kati ya Juni na Septemba. Msalimie Mama. Tarehe usimwambie.

Ndugu yako, Hénoc


Katuba, tarehe 1 Juni 2025

Mwalimu wangu Hénoc,

Pokea salamu za watu wote wa nyumba hii, pamoja na paka, ambaye amehamia juu ya mashini yangu kwa sababu baridi imeanza. Mapacha wa Lydie wananenepa. Mimi nimepata kazi ya parokia, vitambaa vya altare vinane, vyeupe, na Mama ananisaidia kukunja pindo. Vidole vyake bado vina akili.

Tarehe nimemwambia. Usinune. Barua zako ananiambia nimsomee kwa sauti, na nikiruka mstari anajua, sijui anajuaje. Nilipofika kwenye kati ya Juni na Septemba alitia kwanza uzi kwenye sindano, halafu akasema: "Pale katikati, bantu banakufa." Akaendelea kushona.

Namba yako nimeijaribu. Nimekata kitambaa cha mraba, meta moja kila upande, nikapima kona kwa kona. Nimepata senti mia moja arobaini na moja na kitu kidogo. Nikafurahi. Halafu nikavuta kidogo tu, ikawa mia moja arobaini na tatu! Nyinyi watu wa ubao hamjui kwamba kitambaa ukikipima mshazari kinalegea kama mtu aliyesifiwa. Basi nikaacha kupima. Nikachukua miraba miwili sawa, kila mmoja nikaukata kona kwa kona, nikapata vipande vinne vya pembe tatu, nikavishona zile kona pana zikutane katikati. Umetoka mraba mmoja mkubwa, ndani yake kitambaa cha miwili, haukuzidi, haukupungua. Upande wake ndio ile namba yenu. Nimeishona, ndugu yangu, bila kujua jina lake. Mama alicheka mpaka akajifuta macho, na ni mara ya kwanza tangu kilio.

Ya ile Noeli siandiki. Mama naye ameniambia niandike kwamba yeye haisemi. Lakini kati ya Juni na Septemba ni chumba kikubwa mno, Hénoc. Sogeza ukuta.

Germaine


Pweto, tarehe 13 Julai 2025

Yaya wangu,

Amani kwenu. Huku upepo wa baridi unapiga ziwa tangu asubuhi, watoto wanakuja shuleni wamejifunga vikwembe vya mama zao. Nimepungua kidogo, usimwambie Mama. Mraba wako nimeuchora ubaoni mbele ya darasa zima. Nimewaambia umeshonwa Katuba na dada yangu, na wamekupigia makofi.

Wewe hukutaka kuandika ya ile Noeli, basi acha niiandike mimi. Ilikuwa 2013, nimetoka chuo kikuu na kiburi changu kipya. Tulikuwa mezani, baba wadogo wawili wapo. Baba akatoa kaye, akaniwekea mbele ukurasa, akaniambia kwa furaha imebaki kidogo sana. Na mimi nikasema kwa sauti, watu wote wasikie: "Baba, hiyo namba haiko. Hata ukiandika mpaka kufa, haitafika. Hizi kaye ni kuni tu." Baba wadogo wakacheka. Baba akafunga kaye, akajifuta mdomo, akatoka nje. Tarehe mbili Januari nilipanda gari, na tangu siku ile sikurudi. Yeye hakuniita, mimi sikuomba msamaha. Miaka kumi na moja, yaya.

Sasa nimeisoma kaye uliyonitumia. Nilidhani ni ya zamani, ya kabla ya Noeli ile. Sivyo. Kila ukurasa una tarehe, na wa mwisho ni wa Desemba iliyopita. Aliendelea! Ameanza na ile saba juu ya tano ya atelye. Saba mara saba ni arobaini na tisa. Tano mara tano, mara mbili yake, ni hamsini. Imepungua moja. Akaenda kumi na saba juu ya kumi na mbili: 289, na upande wa pili 288. Imezidi moja. Arobaini na moja juu ya ishirini na tisa: 1681 na 1682. Imepungua moja. Tisini na tisa juu ya sabini: 9801 na 9800. Imezidi moja. Mara ndogo, mara kubwa, kila hatua karibu zaidi, lakini siku zote inabaki moja. Baba ameizungushia duara kila moja hiyo, kwa penseli ya fundi, ile bapa.

Na pembeni ya ukurasa wa mwisho ameandika hivi: "Hénoc alisema haifiki. Ni kweli, nimehakikisha. Lakini inakaribia."

Nilisoma nikiwa nimesimama mbele ya wanafunzi. Nikawaambia watoke wakacheze. Nililia, yaya, mtu mzima na chaki mkononi. Alijua. Alijua miaka yote hiyo kwamba haifiki, na aliendelea kutembea nayo kila jioni peke yake.

Nitafika kati ya tarehe 10 na tarehe 20 Agosti. Ita watu.

Hénoc


Katuba, tarehe 24 Agosti 2025

Hénoc,

Mama mzima. Paka mzima.

Tuliita watu. Baba mdogo Ngosa alitoka Likasi na mke wake. Parokia ilituazima viti. Mama alioga asubuhi ya tarehe kumi, akakaa kwenye mkeka uani, na kuanzia siku ile kila gari lililopita kwenye avenyu alinyoosha shingo. Siku kumi. Tarehe ishirini, saa kumi za mchana, baba mdogo Ngosa alisimama akasema basi Germaine afanye, Mungu ataelewa. Nikasogea. Mama akashika kitambala chake kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika kofia kwenye upepo, akasema: "Moja inabakia." Watu wakaangaliana. Wakala chakula, wakaenda zao, viti nimerudisha mwenyewe.

Nimekasirika nawe hadi mashini inakatakata uzi. Kama Baba alikusamehe kwa maandishi yake, wewe unaogopa nini tena? Sema. Usiniletee mvua na barabara, tuko kiangazi.

Germaine


Pweto, tarehe 14 Septemba 2025

Yaya,

Naandika bila kujua nianzie salamu gani. Joto limerudi. Ziwa limelala, huwezi kujua maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi.

Nilipanda Fuso tarehe 11 Agosti. Nilifika Kasenga. Nikalala hapo siku mbili, magari ya Lubumbashi yanapita, madereva wananiita kwa mikono, na mimi nimekaa juu ya begi langu. Siku ya tatu nilipanda la kurudi. Umeniuliza naogopa nini. Nina ndoto tu, nayo inakuja kila wiki.

Naota naingia avenyu yetu kwa upande wa kanisa. Ni mchana, mvua ndogo inanyesha, udongo mwekundu unanishika viatu. Zinabaki nyumba kumi na sita. Natembea nusu, zinabaki nane. Natembea nusu tena, nne. Halafu mbili. Nasikia kina mama wa parokia wanaimba. Nafika kwenye ukuta wa kina Lydie, inabaki nyumba moja, na hapo miguu inakataa. Nasogea nusu ya hatua, halafu nusu ya hiyo nusu. Naona wanaume wanatoa mlangoni sanduku la mbao ya mulombwa, limepigwa randa vizuri sana, na katika ndoto nawaza tu kwamba Baba angeipenda kazi ile. Halafu nageuka. Hakuna aliyeniona. Natembea mpaka stendi, na mvua imeniingia mpaka ndani.

Nikiamka nasikia aibu ambayo siwezi kukueleza. Nilimwambia Baba kwamba namba yake haifiki, na asiyefika ni mimi. Mvueni Mama kitambala bila mimi, nakuomba. Mtu wa kukaribia tu si mtoto mwanamume wa kwanza.

Hénoc


Katuba, tarehe 5 Oktoba 2025

Mutoto ya mama yangu,

Salamu leo ni fupi, kwa sababu nashona huku naandika, na gari linaondoka keshokutwa. Mapacha wameota jino moja moja. Embe za kwanza zimeingia sokoni, chachu, na watu wanazila hivyohivyo.

Ndoto yako nilimsomea Mama uani, mimi kwenye benchi, yeye kwenye mkeka anachambua maharagwe. Nilipofika kwenye ukuta wa kina Lydie aliinua mkono, ninyamaze. Akasema: "Ile haiko ndoto. Nilimuonaka. Alivalaka shemize ya bule, ilikuwa imelowa yote. Mimi nilikuwa nyuma ya sanduku."

Hénoc, kumbe siku ya kuzika ulikuja, na shati lako la buluu! Miezi tisa amekaa nalo! Nilimkasirikia kwanza, nikamuuliza kwa nini hakumwambia mtu, hata mimi. Akanijibu kwamba angeniambia, ningekupiga kwa maneno mpaka usirudi kamwe, na yeye alitaka urudi. Nilitaka kubisha, nikaona hana kosa. Najijua mdomo wangu. Nisamehe ile barua ya Agosti.

Akamaliza maharagwe yake. Halafu akataka nimsomee tena barua yako ya kwanza, pale penye kile chumba kinachokuwa chembamba. Nikasoma. Akaniuliza nani anasogeza kuta. Nikamwambia mmoja unatoka upande wa ndogo, wa pili unatoka upande wa kubwa, zote mbili zinasogea, ndiyo kazi yenyewe. Akaweka ungo pembeni. Halafu akaniuliza: "Na siye, ukuta yetu tuliisogeza siku gani?"

Ni kweli, ndugu yangu. Tumekaa kwenye mkeka tangu Januari tukihesabu magari, tumekuachia njia yote uitembee peke yako. Wewe ulifika mpaka nyumba moja. Ulifika Kasenga. Sisi hatukutoka hata kwenye ua. Na Baba naye, nampenda, Mungu amlaze pema, lakini ile miaka kumi na moja aliandika kwenye kaye, hakukuandikia wewe.

Baba mdogo Ngosa nilimpigia simu kumwambia Mama anataka kwenda Pweto, akapiga kelele kwamba mjane wa nyeusi hasafiri, haijaonekana, ukoo utasemwa. Mama akaichukua simu mkononi mwangu. Akamwambia kwa heshima zote kwamba akitaka kumzuia aje alale mbele ya Fuso. Nikamuuliza Mama mwenyewe: na watu wa kushuhudia je, kule hatuna ndugu hata mmoja? Akasema mwanawe ana darasa zima la watu.

Basi nimemshonea kikwembe kipya, cha maua ya kijani, kiko chini ya begi lake, ndicho atakachovaa baadaye. Usimpe samaki tu, meno yake unayajua. Akisema hajachoka, anadanganya. Atakaa kwako mpaka mvua zianze kupungua, na mkirudi, mrudi wawili.

Umezoea kupokea barua zangu kwa Mama Mapalo. Hii angalia nani amekupa. Nimemwomba akuache uisome yote kabla ya kusema neno, na ameahidi, ingawa amekaa siku tatu barabarani na magoti yanamuuma. Yuko mbele yako. Weka karatasi chini sasa, Hénoc. Kitambala amekifunga fundo moja tu, legelege.